Mwanga una mbio, fomu imekwama kichuguuni

MSOMAJI wangu, wiki hii sina mambo ya ndoa wala ya nyumba ndogo. Nina mambo ya kichuguu. Usicheke, soma kwanza.

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani Kaagya, Bukoba Vijijini. Mnatujua sisi Wahaya, tukirudi nyumbani lazima tuonekane tumerudi. Nikavaa shati langu la mjini, nikateremka na begi, nikategemea kulakiwa kwa shangwe. Wapi! Binti wa dada yangu hakunitazama hata kidogo. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya kibanja, mkono umenyooka juu na simu mkononi, kama mtu anayemsimamisha malaika.

"Shikamoo mjomba. Usinisemeshe, imefika asilimia 90!"

Nikanyamaza. Baada ya muda akashusha mkono. Imekata.

Mtoto amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri. Anajaza fomu ya mkopo wa chuo, na siku hizi fomu hazipelekwi kwa bahasha, zinapitia kwenye mtandao. Picha ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa inagoma kupanda. Siku ya tatu hiyo. Dirisha linafungwa Ijumaa, na sisi tulikuwa Jumatano. Mkopo usipopatikana chuo hakuna, maana dada yangu ni mjane na kahawa ya mwaka ule ilishauzwa na kuliwa.

Jioni tukakaa na baba yangu mkubwa, ambaye wote tunamwita Ta. Akatoa kahawa za kutafuna, nikapokea kwa mikono miwili. Mimi, kwa ujuaji wangu wa mjini, nikaanza kumhubiria habari za mkongo.

Nikamwambia: Ta, hii mitandao ya kasi ni kioo, kioo hiki hiki cha dirishani, ila kimevutwa kikawa uzi mwembamba kama unywele, halafu mwanga unapita ndani yake. Zamani jambo hilo lilionekana ndoto, maana mwanga ulikuwa unazimikia ndani ya kioo hata mita mia hazijaisha. Mwaka 1966 bwana mmoja mzaliwa wa Shanghai, Charles Kao, akiwa kazini Uingereza, yeye na mwenzake George Hockham wakasema kosa si la kioo, ni la uchafu uliomo ndani ya kioo. Kisafisheni, mwanga utasafiri! Wengi walitikisa vichwa. Mwaka 1970 mabwana watatu wa kampuni ya Corning kule Marekani, Maurer, Keck na Schultz, wakatengeneza uzi uliothibitisha maneno yake. Leo mwanga ukisafiri kilometa nzima ndani ya uzi mzuri, unabaki kama asilimia 95 yake.

"Na ukichoka njiani?" akauliza Ta.

Swali zuri! Zamani kila kipande cha njia ilibidi mwanga ugeuzwe umeme, uongezwe nguvu, ugeuzwe tena mwanga. Kazi juu ya kazi. Mwaka 1987 David Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton wakaonyesha kuwa ukitia chembe za madini ya erbiamu ndani ya kioo, uzi wenyewe unaunenepesha mwanga palepale bila kuusimamisha. Ndiyo maana uzi mmoja siku hizi unapitisha mwanga wa rangi nyingi kwa mpigo, kila rangi na mzigo wake, kama mabasi kwenye barabara moja ambayo hayagongani.

Nikaendelea kutamba. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mwaka uleule Kao alipopewa tuzo ya Nobel. EASSy ukafuata 2010. Huku bara tuna Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL, na umekuja kwetu Kagera hadi mpakani Mutukula. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Bukoba, safari inayomvunja mtu mgongo kwenye basi, mwanga unaimaliza kabla hujafumba jicho ukalifumbua!

Ta akatafuna kahawa yake taratibu. Akatema ganda.

"Waitu, kama umetoka Dar mpaka Bukoba kabla sijafumba jicho, umeshindwaje kuja hapa kwangu siku tatu?"

Jamani! Nikabaki mdomo wazi. Ujuaji wote ukaniishia.

Usiku sikulala vizuri, nikawa nalitafuta jibu. Jibu ni kwamba kioo hakijafika Kaagya kwa Ta. Kioo kinaishia mbali, halafu kazi inaachiwa mnara, na minara mingi ya vijijini inapokezana habari kwa mawimbi ya hewani, mnara kwa mnara. Halafu ule mmoja unaotufikia tunaugawana kijiji kizima: huyu anatazama mpira, yule anatuma pesa, mwingine anaangalia video za vichekesho. Ni kibuyu kimoja cha rubisi na ukoo mzima umekuja. Mwanga umekimbia kote huko, umefika mlangoni umekuta foleni.

Tuseme haki, watu hawajalala. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Ni jambo jema. Lakini mnara bila njia pana nyuma yake ni bomba kubwa kwenye tangi dogo.

Alhamisi alfajiri tukapanda bodaboda, kisha Hiace, hadi Bukoba mjini. Tukaingia steshenari moja karibu na soko. Kijana akachukua cheti, akakipiga picha, akabonyeza. Hata dakika haikuisha, kikapanda. Binti akalia. Mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Wakati wa kurudi akawa kimya sana. Nikamuuliza kulikoni, mbona mambo yameshakwisha? Akasema yule rafiki yake waliyekuwa wakipokezana kichuguu, aliyemzidi hata alama za hesabu, hakuwa na nauli ya kuja mjini wala mjomba wa kumpa. Nikatia mkono mfukoni, tukampelekea jioni ileile. Ijumaa akateremka mjini. Akakuta umeme wa mtaa ule umekatika tangu asubuhi. Ulipowaka, dirisha limefungwa.

Mwaka huu anajaribu tena. Nauli yake nimeshaituma mapema.

Siku ya kuondoka nikaenda kumuaga Ta. Akanishika mkono, akasema, "Mwambie yule bwana aliyesafisha kioo kwamba kazi yake ni nzuri, ila amebakiza kipande kidogo, cha kuja huku."

"Ta, alishafariki, mwaka 2018."

"Basi waambie waliorithi kibanja chake."

Ujumbe nimeufikisha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.