Simu ya Baba Si Maktaba
Ndugu yangu aliyeandika kwamba maktaba kubwa ya umma Lushoto itakuwa anasa, kwa kuwa vitabu vyote vimo kwenye simu, sidhani kama amewahi kununua bando huku mlimani. Kitabu akipakue nani, kwa pesa ya nani, halafu mtoto akisomee wapi? Jikoni, penye moshi na wadogo zake?

Anasa hiyo milima yetu ya Usambara inaijua siku nyingi. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902, katikati ya msitu, waliweka na maktaba, kwa faida ya mashamba yao. Leo wanaosoma sheria hapa Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wana maktaba yao. Mtoto wa mkulima wa kabichi wa Mlalo ndiye anayeambiwa atosheke na simu ya babake.

Kwenye gharama namuunga mkono ndugu yangu nusu. Vioo na vigae tuviache. Lakini ukungu wetu hauna huruma na karatasi. Paa imara, mkutubi mwenye ajira na fungu la vitabu kila mwaka havipatikani kwa bei ya kibanda. Bajeti ikija na jengo peke yake, hapo nitahamia upande wake.