Kupika kwa Kitabu Si Aibu

Hapa Isiolo, mwanamke akikutwa na kitabu kimefunguliwa kando ya jiko, wageni hutazamana. Mpishi wa kweli, tunaambiwa, hapimi. Hukadiria kwa jicho, huonja kiganjani, basi. Kitabu ni cha bi arusi asiyefunzwa kwao, au ni mambo ya wazungu. Maneno haya nimeyasikia Bulla Pesa, nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye harusi, nami nayapinga yote. Yametunyima raha kubwa, na sasa yanatunyima chakula chenyewe.

Chukua nyirinyiri. Nyama ya ngamia au ya ng'ombe hukatwa vipande virefu, huanikwa juani, hukatwakatwa tena vidogovidogo, hukaangwa, kisha hufunikwa kwa mafuta na kukaa miezi bila friji. Hadi hapo kila mtu anajua. Sasa muulize anayeipika ni wakati gani wa kuepua. Atakujibu, "Ikiwa tayari utajua." Utajuaje? Dalili ipo: mapovu hukatika na kelele ya mafuta hupungua, maana maji yamekwisha ndani ya nyama. Ukiharakisha, unyevu uliobaki utaiharibu humo humo chomboni. Maelezo haya yangeenea nyuma ya bahasha. Lakini kwa kuwa tumekubaliana kwamba hodari haandiki, yanakaa kichwani mwa mama mmoja na siku moja yanazikwa naye.

Jicho lilitosha wakati binti alisimama karibu na mama yake kila siku na mifugo ilikuwa zizini. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo. Waliopoteza wanyama wao wamehamia mjini, nyama inanunuliwa kwa robo kilo, na binti yuko shule ya bweni. Mnamtaka akadirie kwa jicho kitu ambacho jicho lake halijakiona.

Walioondoka walilielewa hili kabla yetu. Vijana Wasomali wa Minnesota, Marekani, waliwaendea jamaa zao, wakakusanya mapishi, na mwaka 2018 kikachapishwa kitabu cha Soo Fariista. Mwaka 2020 Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu, alitoa pamoja na Julia Turshen kitabu cha In Bibi's Kitchen, chenye mapishi ya akina bibi wa nchi 8 za Afrika, Kenya na Somalia zikiwamo. Nani atathubutu kusema bibi hao hawajui kupika kwa kuwa mapishi yao yamechapwa?

Na hilo la wazungu? Ni kweli kwamba akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi mwaka 1928, kikiwa na Kiswahili cha kumwagiza mpishi Mwafrika. Aliyekuwa motoni aliagizwa tu, hakuulizwa anachojua. Ikiwa kitabu kilitutia uchungu, uchungu huo nauelewa. Lakini kitabu cha mapishi hakikuzaliwa Ulaya. Al-Baghdadi aliandika chake kule Baghdad mwaka 1226, naye hakuwa wa kwanza hata katika mji huo. Kwa mji wenye Waislamu wengi kama wetu, hiyo peke yake ingetosha kufunga mjadala.

Vijana huniambia simu imemaliza kazi. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya na FAO zilitoa kitabu cha Kenya Food Recipes, mapishi kama yanavyopikwa na jamii zetu zenyewe, na kinapatikana bure mtandaoni. Mimi nilikipeleka saiba, wakanichapia na kukifunga kwa waya. Tangu siku hiyo nimekitumia kuliko nilivyowahi kukitumia simuni. Mikono ikiwa na unga, skrini huzima. Karatasi hainizimikii wala hainiulizi bando. Halafu simu inataka jina. Nyumba ya Mmeru isiyowahi kusikia chakula cha Mborana italitafuta jina gani? Kwenye kitabu unafungua ukitaka mchuzi, unakutana na chakula cha jirani, unasahau mchuzi. Jioni nakisoma nikiwa nimeshiba, kwa starehe tu, na pembeni naandika kwa kalamu: iliki ipungue, moto uwe mdogo, watoto walimaliza. Kurasa ninazozipenda zinang'aa samli.

Siku moja nilikaa na shangazi yangu akipika. Kila alipochota chumvi kiganjani nilimwomba aimimine kwanza kwenye kijiko. Alilalamika mwanzoni, kisha akaanza kunisahihisha: "Andika pia kwamba kitunguu kisiungue." Mkono wake uliodhaniwa haupimi ulitoa kijiko kile kile kila mara. Kumbe alikuwa anapima miaka yote!

Kwa hiyo nataka kitabu cha Isiolo, cha karatasi: anjera ya Wasomali, buna ya Waborana iliyokaangwa kwa samli, vyakula vya Waturkana na vya Wasamburu, mukimo wa Wameru, kila kimoja kwa lugha ya wenyewe na kwa Kiswahili. Kaunti igharimie uchapaji. Waanze na akina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia hapa mjini na kuyapakia kwenye basi kwenda Eastleigh, kwa kuwa kuanzia kufukiza chombo kwa moshi hadi kugandisha maziwa, hakuna anayewazidi. Majina yao yawe kwenye jalada, na walipwe kama waandishi.