Shela limekwisha, fundi hajalipwa



Leo siongelei rangi ya lesi wala singo. Naongea na sisi wenye maduka ya ushonaji, na wewe bibi harusi mtarajiwa, kuhusu yule binti aliyeinama kwenye cherehani saa saba usiku ili wewe ung'are kesho.

Mimi nilimaliza sekondari, nikasomea ushonaji, kisha nikaajiriwa na mama mmoja hapa Tanga. Alikuwa akituita "wanangu". Mimba yangu ilipofika miezi minane aliniambia, "Nenda kajifungue salama, ukirudi tutaongea." Niliporudi na mtoto mgongoni, cherehani yangu ilikuwa na mtu mwingine. Hakunitukana. Alinipa elfu kumi ya sabuni ya mtoto, na mimi nikamshukuru! Ndivyo tulivyozoeshwa: ukidhulumiwa kwa upole, sema ahsante.

Sikujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kama ningejifungua mapacha. Sikujua kwamba baada ya kurudi ningepewa muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi. Sikujua kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Leo najua, na wewe mwenzangu mwenye duka unajua. Basi tuache visingizio.

Cha kwanza: "Huyu si mfanyakazi wangu, namlipa kwa nguo." Saa ya kuingia unampangia wewe, cherehani yako, uzi wako, na hana pengine pa kupata riziki. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo 2004, inasema hata moja tu ya dalili hizo inatosha mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Cha pili: "Sisi ni familia, mikataba ya nini?" Nabii Musa alipofika Madyan alikubaliana na yule mzee miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi ni hiari yake. Ilikuwa kazi ya mahari, ndani ya familia, na bado masharti yalitajwa wazi. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandikiana madeni. Sisi tumekuwa wacha Mungu kiasi gani hata karatasi moja ituudhi?

Cha tatu: "Mteja hajanilipa." Hilo ni deni lako na mteja. Fundi ameshamaliza kazi yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Jasho la msimu wa harusi hapa kwetu, na joto hili, tunalingoja mpaka lilowe tena mara ya tatu!

Cha nne ndicho kizito: "Duka langu dogo, siwezi." Mwaka jana, Ramadhani ikikaribia na sare za harusi mbili ziko mezani, mmoja wa mafundi wangu watatu aliniambia ana mimba. Wallahi, nilichofikiria kwanza ni zile sare, si mtoto. Nikasikia maneno ya yule mama yakija mdomoni mwangu. Nikanyamaza, nikaenda kuswali. Tangu siku ile nikaanza kutenga kidogo kwa kila gauni, na sikati kitambaa bila nusu ya malipo. Alipojifungua nilimlipa siku zake zote 84. Sikufilisika. Ovaloki mpya niliyoitaka bado sijanunua, basi.

Bibi harusi, nawe umo. Ukileta kitambaa siku tatu kabla ya nikaha, kuna mtu atakesha. Kazi inayozidi saa 45 kwa wiki inalipwa mara moja na nusu, basi usishangae bei ikipanda. Na usiondoke na shela kwa "nitakutumia baada ya kutunzwa." Utaingiaje kwenye ndoa umevaa haki ya mtu?

Nawe binti fundi: mjulishe mwajiri wako kuhusu ujauzito angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, na cheti cha daktari. Ukiachishwa kwa dhulma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usingoje huruma ikuishie mlangoni. Wa Unguja na Pemba mna Sheria yenu ya Ajira, Namba 11 ya 2005, iulizeni.

Siku ya Kiyama aliyemtumikisha mtu akamnyima ujira wake, Allah mwenyewe ndiye atakayekuwa mdai wake. Huko hakuna wa kumpa sabuni ya elfu kumi.

Allah atujaalie riziki ya halali. Amin.