AFYA NA NYUMBA: Mgonjwa wa Akili Arudipo Kisenyi

Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na Ziwa Viktoria, iko kiasi cha kilomita 12 tu kutoka katikati ya Kampala. Hata hivyo, kwa mkazi wa Kisenyi mahali hapo ni mbali sana. Jina lenyewe limegeuka kuwa tusi. Watoto wakitaka kumdhihaki mwenzao humwambia apelekwe Butabika. Ina vitanda 550, na mara nyingi wagonjwa waliolazwa huzidi idadi hiyo. Wengi hupata nafuu. Lakini siku ya kulazwa hukumbukwa na mtaa mzima, na siku ya kuruhusiwa haifikiriwi na mtu.

Na afikiriwe kijana mbeba magunia katika mashine za kusaga mahindi za Kisenyi, arudiye nyumbani akiwa na vidonge vya mwezi mmoja. Mashine zanguruma mchana kutwa. Waragi wauzwa ng'ambo ya njia, ingawa ule wa vifuko ulipigwa marufuku mwaka 2019. Vijana aliokuwa akikaa nao wangali wanatafuna mirungi, na wadogo wao wanavuta gundi na mafuta ya ndege kwa vitambaa. Tajiri wake amekwisha kuajiri mwingine, na mwenye nyumba anamtazama kwa hofu. Vidonge vikiisha, nauli ya kwenda Butabika na kurudi ni fedha ya chakula cha siku. Baada ya miezi michache kijana hurudishwa hospitali akiwa amefungwa kamba, na majirani husema kwamba dawa za wazungu hazifai. Dawa zilifaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia kama zinamezwa.

Mtu huyo anapaswa kupatikana karibu na nyumba. Kisenyi kuna kituo cha afya cha daraja la 4, chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, na ikama ya vituo vya daraja hilo humtaja muuguzi wa magonjwa ya akili. Malipo ya matibabu katika vituo vya serikali yalifutwa mwaka 2001. Aidha, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, yamruhusu mtu kwenda kutibiwa kwa hiari yake, bila kungoja akamatwe. Mgonjwa aendaye kituoni kwa miguu, akapanga foleni pamoja na wenye malaria na akina mama wajawazito, hatazamwi na mtu. Faida hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Kweli dawa huisha ghalani mara kwa mara, na jambo hilo halina udhuru. Dawa ya akili ikikatika mwezi mmoja yaweza kubomoa kazi ya mwaka.

Hata dawa zikiwapo, muuguzi mmoja hawezi kubisha hodi katika kila mlango. Hapo ndipo wananchi wenyewe huingia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni nzito waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Maradhi yalitajwa kwa majina ya Kiganda yajulikanayo na kila bibi kijijini: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia kupita kiasi. Waliyozungumza yalikuwa misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, katika kila watu 100 wa vikundi hivyo, waliobaki na ugonjwa hawakufika 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walibaki zaidi ya 54. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003, na ulimwengu mzima wa madaktari uliyasoma.

Butabika nayo, ikishirikiana na hospitali za mashariki mwa London, iliwafunza watu waliowahi kulazwa humo ili wawatembelee majumbani wale walioruhusiwa. Mtu aliyekwisha kuvaa sare ya mgonjwa hahitaji kueleza mengi akiingia chumbani. Anajua dawa ileile imtuliza mtu na pia yamtetemesha mikono, na anajua jibu la swali ambalo mgonjwa humwonea haya daktari kuliuliza.

Habari hizi zaihusu kambi kama ziuhusuvyo mtaa. Tangu Machi 2007 majeshi ya Uganda yamekwenda Somalia, na Kisenyi hiyohiyo imejaa familia za Wasomali waliokimbia vita vilevile. Askari anayeruka usiku akisikia mlango ukigongwa, na mama wa Kisomali anayeshtuka kwa mlio wa bati, wameumizwa na jambo moja. Askari huenda akanywa ili alale. Mkewe huficha habari akiogopa mumewe atapoteza cheo, mpaka siku mkubwa wa kambi atakapoiona mwenyewe.

Polisi na wakubwa wa kambi wazingatie jambo moja la hatari. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku, akifungiwa mahabusu ghafla bila kunywa, huweza kutetemeka, kupata degedege na kuona vitu visivyokuwapo katika siku mbili tatu, na wengine hufa. Askari wa zamu hudhani anajifanya. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwa mganga wa kituo usiku huohuo.

Mke au mama apokeaye mgonjwa kutoka hospitali aombe barua ya kuruhusiwa kabla ya kuondoka langoni, maana ndiyo itakayosomwa na muuguzi wa Kisenyi. Anunue daftari dogo la shule, aandike jina la kila kidonge na saa ya kukimeza, aende nalo kituoni vidonge vikiwa bado vya juma moja, si siku vilipokwisha.