Kitabu cha Bure Kina Mwenyewe



Limeenea neno ambalo tumelisikia mara nyingi mno, na kila linaposemwa husemwa kwa tabasamu la mtu aliyegundua jambo jema: kwamba kitabu kikishaingia katika simu hakina tena mwenyewe. Husemwa mara tu faili la PDF linapotumwa katika kikundi cha WhatsApp cha jumuiya, cha wazazi wa darasa au cha wanakwaya. Shukrani humiminika, wengine huweka vile vipicha vya viganja vilivyokutanishwa, na wa mwisho huuliza kama sehemu ya pili inapatikana. Sisi tunalipinga neno hilo. Tunalipinga tukiwa wapenzi wa vitabu vya bure, tena wapenzi wakubwa, na ndiyo maana inatuuma kuona neno "bure" likivikwa vazi lisilo lake.

Tuanze na bure iliyo halali, maana wapo pia wanaoidharau na kudhani kwamba kisicho na bei hakina thamani. Tarehe 4 Julai 1971, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, jina lake Michael Hart, aliketi mbele ya kompyuta kubwa ya chuo akachapa herufi kwa herufi Azimio la Uhuru la nchi yake, ili watumiaji wengine waweze kulichukua bila malipo. Ndivyo ulivyoanza mradi wa Project Gutenberg. Hart alifariki mwaka 2011, lakini maktaba aliyoianzisha leo ina vitabu zaidi ya 70,000, na yeyote anaweza kuvichukua pasipo kulipa, pasipo kujiandikisha, pasipo kuulizwa jina la baba yake. Hakuna aliyeibiwa hapo. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ni vya watunzi waliokwisha kufariki zamani, na muda wa ulinzi wa kisheria umepita. Hakimiliki haikuwekwa iwe ya milele. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote huilinda kazi ya fasihi katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Muda huo ukiisha, kitabu huwa kama kisima cha kijiji ambacho fundi wake alikwisha kulipwa: kila mwenye ndoo na achote.

Na kisima hicho si cha Wazungu peke yao. Hadithi za Unguja ambazo Edward Steere alizikusanya na kuzichapisha London mwaka 1870, na kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf iliyotoka mwaka 1882, zote zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Wote wawili walikuwa katika utumishi wa misioni za Kianglikana, na tunamwomba msomaji Mkatoliki asisite kwa ajili hiyo. Maoni yetu kwa ufupi: Steere anasomeka hata leo, kwa kuwa aliwaacha wasimulizi wa Unguja waseme, Krapf anachosha macho kwa tahajia yake, na mara nyingine maelezo yake yanatuambia mengi juu ya Krapf kuliko juu ya Waswahili, lakini anayo maneno ambayo babu zetu waliyatumia na sisi tumeyapoteza. Mwalimu wa shule ya kata aliyeko mbali na maktaba yoyote anaweza kuifungua kamusi hiyo chini ya mwembe, almuradi ana bando la kutosha. (Bando si bure, tunajua. Faili la kitabu kilichopigwa picha huwa zito. Mwenye akili hulipakua mara moja akawagawia wenzake kwa kebo.)

Ipo pia bure ya mtu aliye hai anayetoa chake kwa hiari. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, unagawa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayoruhusu kuzisoma, kuzichapa na kuzitafsiri. Tumekuta humo hadithi za kufurahisha, na tumekuta nyingine ambazo Kiswahili chake kinachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Zawadi nayo inahitaji mhariri. Lakini ni zawadi, na aliyeitoa anajulikana.

Sasa tuje kwenye punguzo, ambalo kwetu ni jambo la mashaka zaidi kuliko bure yenyewe.

Msomaji anafungua duka la mtandaoni, anakuta kitabu kilichokuwa dola 9.99 kinauzwa senti 99 kwa siku ya leo tu, anabonyeza mahali palipoandikwa "nunua". Amenunua nini? Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta, kutoka ndani ya vifaa vya Kindle vya wateja wake, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, ambacho huku kwetu tulikijua kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kampuni ikavifuta, ikarudisha fedha, na mkuu wake Jeff Bezos akaomba radhi. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuwa akiandika maelezo yake katika nakala ya 1984 alibaki na maelezo yasiyo na kitabu. Alikwenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka huohuo. Basi na tuulize: ni muuza vitabu gani wa Kariakoo anayeweza kuingia chumbani mwako usiku, akachukua kitabu alichokuuzia, akaacha noti yako mezani, na wewe ukaendelea kusema kwamba kitabu kilikuwa chako?

Yasidhaniwe kuwa hayo ni ya zamani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na ilipofika Julai vitabu vyote vilivyochukuliwa humo vikaacha kufunguka, vya bure pamoja na vya kulipia. Waliolipa walirudishiwa fedha zao. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamishia katika Kindle kwa waya. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California inamtaka muuzaji wa namna hii amwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, la sivyo asitumie neno "nunua". Inatushangaza kwamba ilihitajika sheria ya jimbo zima ili neno moja la sokoni lirudishiwe maana yake.

Hatusemi msivichukue. Tunasema mjue kwamba mmepanga, hamkujenga, na kodi ya pango iwe ya pango. Kwa senti 99 hatulalamiki. Kwa dola 14.99 tunalalamika, tena kwa sauti. Wala tusimsahau mtunzi katika furaha ya punguzo: kwa utaratibu wa kawaida wa Amazon kwa watunzi wanaojichapishia, kitabu cha senti 99 humpa mtunzi asilimia 35 tu, yaani senti 35 hivi, ilhali kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99 anaweza kupata asilimia 70. Punguzo lina mtu anayelibeba, na mara nyingi si mwenye duka.

Juu ya wale waliojaza simu vitabu mia tatu vya bure na hawajamaliza hata kimoja, hatutasema mengi. Wanajijua.

Turudi kwenye kikundi cha WhatsApp. Kinachotumwa humo mara nyingi si Steere wala Krapf. Ni riwaya ya mtunzi wa Kiswahili aliye hai, anayeishi Morogoro au Mombasa, aliyeandika usiku baada ya kazi, akasubiri miaka mchapishaji amjibu. Mtu amekipiga picha kitabu chake chote kwa simu, kurasa mia na themanini, kwa uvumilivu ambao laiti angeutumia katika jambo jingine. Na ajabu ni kwamba amepiga picha hata ule ukurasa wa pili, unaosema haki zote zimehifadhiwa, akautuma pamoja na mwingine wote.

Utetezi wa kwanza tunaousikia ni kwamba maarifa ni ya wote. Maarifa, ndiyo. Kazi ya mtu ya kuyapanga maarifa hayo katika kurasa mia na themanini si ya wote, kama vile mahindi ni chakula cha wote na shamba la jirani si la wote. Wa pili, ulio wa kisomi zaidi, huletwa na wale waliofungua Katekisimu namba 2408, inapofundishwa kwamba si wizi mtu anapochukua mali ya mwingine katika shida ya haraka na iliyo dhahiri, ikiwa ndiyo njia pekee ya kupata mahitaji ya lazima. Tunawapongeza kwa kusoma. Lakini wasome hadi mwisho: mahitaji yanayotajwa pale ni chakula, malazi na mavazi. Hatujapata kumwona mtu aliyekaribia kufa kwa kukosa sura ya nne ya riwaya ya mapenzi. Namba hiyohiyo inasema pia juu ya ridhaa ya mwenye mali inayoweza kudhaniwa kuwapo. Na mwenye mali hapa amekwisha kuandika kutoridhia kwake katika ukurasa wa pili. Kuhusu mwanafunzi asiye na kitabu cha darasani, shida yake ni ya kweli na hatuifanyii mzaha. Ila Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, kwa hiyo na tumwelekeze huko kabla ya kumfundisha njia nyingine.

Utetezi wa tatu ndio wenye nguvu, nao ni huu: hata nisingetumiwa, nisingenunua. Kwa wengi ni kweli. Tuseme kikundi kina watu 200, na 190 kati yao wasingenunua kamwe. Wamebaki kumi. Kitabu ni shilingi 10,000, na tuseme mtunzi anapata asilimia kumi, kiwango cha kawaida katika mikataba ya uchapishaji. Kumi hao wangemletea shilingi 10,000. Ni kidogo? Ni kidogo, nasi tunakiri. Lakini faili halikai katika kikundi kimoja. Linahama usiku huohuo kwenda cha pili na cha tano, na kila linakofika lina watu kumi wake. Mtunzi anapoketi kuandika kitabu cha pili anahesabu alichopata katika cha kwanza, na wengi wakishahesabu huenda kuuza vifaa vya ujenzi. Kisha sisi tunalalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya mpya. Wanakwaya mnaodurufu nota za mtunzi aliye hai, tena mkalifuta jina lake juu ya karatasi, mmesikia. Hatuna haja ya kuongeza.

Kuazimana ni jambo jingine, nasi tunakuhimiza. Anayekuazima kitabu chake amebaki bila kitabu, na hilo peke yake linatosha kutofautisha ukarimu na uigizaji wake. Amri ya saba haikatazi ukarimu. Inakataza kuwa mkarimu kwa mali ya jirani.

Hata hivyo hatutawaacha wachapishaji wapite kando wakijifanya wamejeruhiwa tu. Kitabu cha kielektroniki hakina karatasi, hakina wino, hakipandi lori, hakiliwi na mchwa ghalani. Kwa nini basi, pale kinapopatikana, bei yake inakaribia ile ya kitabu cha karatasi? Na kwa nini mara nyingi hakipatikani kabisa? Watu wetu wanalipia umeme, maji, ada na hata michango ya harusi kwa M-Pesa na Airtel Money wakiwa wameketi vibarazani, lakini mwenye kutaka riwaya ya Kiswahili anaambiwa awe na kadi ya benki, au apande basi. Riwaya ya shilingi 10,000 ikiuzwa shilingi 3,000 kwa simu, na mtunzi akapewa theluthi, angepata shilingi 1,000 zilezile alizokuwa akizipata, na huenda kutoka kwa watu wengi zaidi. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Miezi michache iliyopita tulitaka kununua nakala kumi za kielektroniki za riwaya moja kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma pamoja kila Jumamosi. Tulimwandikia mchapishaji. Alitujibu kwa heshima kwamba kitabu kinapatikana dukani kwake Dar es Salaam, siku za kazi, saa mbili hadi saa kumi. Wakati tukiusoma ujumbe huo, mmoja wa vijana alituonyesha kwamba riwaya hiyohiyo anayo tayari katika simu, ametumiwa na binamu yake. Tulimwandikia tena mchapishaji kumweleza tuliyoyaona na kumuuliza ni lini atauza kwa simu. Amesema wanalifikiria.