MBIO SI ZA WATAFUTA MEDALI PEKE YAO

Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika jiji la Mexico, Ndugu John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani, zaidi ya saa moja ilikuwa imepita tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde. Miaka kumi baadaye, Ndugu Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Na mwaka 1982, mjini Brisbane, Australia, akatwaa nyingine katika mita 10,000.

Tunayakumbusha haya kwa sababu maalumu. Wilaya hizi mbili zina haki ya kujivunia wanariadha wake, lakini tumefika mahali pa kushangilia mbio za wenzetu hali sisi wenyewe tumekaa. Safari ya nusu saa kwa miguu sasa tunaiitia bodaboda. Aghalabu mtumishi wa ofisi hutoka kitini akapanda gari, akashuka garini akaketi tena, na jioni akamalizia kwenye benchi la kilabu.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Maadui wale hawajaisha, ila wamepata wenzao: shinikizo la damu na kisukari. Dhidi ya hawa, mazoezi ni silaha isiyo na bei. Msuli unaofanya kazi huichukua sukari iliyomo katika damu ukaitumia. Moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauchoki upesi. Wala faida si ya kiwiliwili tu. Mtu afanyaye mazoezi kila siku hupata usingizi mwema, na wasiwasi na sonona humpungukia. Hayo yamethibitishwa na wataalamu, ingawa wako bado wanaodhani kwamba dawa ya huzuni ni chupa.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na mtoto dakika 60 kila siku. Maneno haya hatumwambii mama anayelima kutwa na kupandisha ndoo ya maji mlimani. Yeye anahitaji bomba lililo karibu na muda wa kupumzika. Tunajiambia sisi: viongozi, makarani, walimu, wenye maduka na madereva. Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ni viongozi wangapi wa kata wanaoikumbuka siku hiyo?

Kwa watoto, jambo la kwanza ni uwanja. Uwanja wa shule ukishamegwa kwa vibanda vya biashara, haurudi. Tunazitaka halmashauri za Mbulu na Hanang zipime viwanja vyote vya michezo vya shule na kuviwekea mipaka, na waratibu wa elimu wahakikishe kwamba kipindi cha michezo hakigeuzwi kuwa cha hesabu.