MJUMBE HUPIMWA KWA KUSEMA



Tangu korona ilipotufungia milango mwaka 2020, hapa Uganda vyama vyetu vimezoea kutufundisha kwa simu. Sipingi. Mjumbe wa shamba la chai hawezi kuacha zamu kila mara apande basi kwenda Kampala kwenye semina. Lakini tazameni masomo yenyewe: kurasa thelathini za kusoma juu ya kioo kidogo, kisha maswali kumi ya kuchagua (a), (b) au (c). Anayebahatisha vizuri anapata cheti.

Je, kazi ya mjumbe ni kuchagua (a), (b) au (c)?

Chukueni likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Mjumbe aweza kutia alama penye 60, na bado akisimama mbele ya meneja akababaika, na mama yule akarudi kwenye mashine huku maziwa yanamchuruzika. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mjumbe aliyebabaika ni mimi, na cheti nilikuwa nacho.

Maoni yangu ni kwamba kila somo la simu liwe na zoezi la kunasa sauti. Mkufunzi atoe kisa kwa sauti yake: mama wa kiwandani ameitwa kazini kabla siku zake hazijaisha, meneja yuko mbele yako, sema. Mjumbe aseme kwa dakika mbili, kwa lugha ile ile atakayoitumia kazini, halafu ajisikilize kabla ya kupeleka. Hapo kwenye kujisikiliza ndipo penye somo. Utasikia ulivyoomba mahali pa kudai. Utasikia sheria uliyoisahau. Utafuta, utasema tena, na mara ya tatu ulimi utakuwa umezoea. Na wale wachuma chai ambao kalamu inawapa taabu, lakini mkutanoni hakuna awashindaye kwa hoja, hawataachwa nyuma.

Kujifunza kwa sikio si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 jirani zetu Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana. Ila redio haikuweza kumsikia msikilizaji. Simu inaweza.

Gharama ipo. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp na mitandao mingine ya namna hiyo. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Hata hivyo sauti ya dakika mbili ni nyepesi kuliko zile video za viongozi wakifungua semina, ambazo hatukuziomba.

Mkufunzi naye ana mzigo. Wajumbe 40 kwa dakika mbili ni dakika 80 za kusikiliza tu, kabla hajamjibu mtu. Alipwe kwa muda huo, asiambiwe ajitolee.

La mwisho ni zito. Sauti hizi zisiwekwe kwenye kundi la watu wote. Sauti ya mtu hutambulika kama uso wake. Moja ikimfikia mnyapara, mjumbe hana kazi. Ziende kwa mkufunzi peke yake, naye azifute akishasahihisha. Chama kisipoahidi hivyo kwa maandishi, mimi sitafungua mdomo.

Mjumbe, kiwanda cha chai, Uganda